Kinyungu cha Mama na Ramani ya Kijiji

Jumatatu, 8 Januari 2024
Ukungu mzito asubuhi. Mparachichi wa uani haukuonekana mpaka tulipomaliza chai. Baadaye manyunyu.

Tangu tumzike mume wangu Lugano kule Mbeya, sijaandika kitu zaidi ya mahitaji ya dukani. Sasa niko Lyasenga, nilikozaliwa, naishi na mama yangu Yusta, na mwaka ni mpya. Nimeona nianze tena.

Leo jirani yetu Jailos kaleta mbeta ya kwanza ya ulanzi, kopo refu la mwanzi lenye pombe ya mianzi. Ameingia na tope hadi magotini, akaegemeza ule mwanzi ukutani na kumsalimia mama kwa adabu zote, "Kamwene, Mama," kana kwamba hawajaonana jana kanisani. Mama kaonja.

"Bado maji haya."

"Kila mwaka unasema hivyo, Mama."

"Kila mwaka unaleta maji."

Naandika hapa sababu ya mbeta hiyo, maana miaka yote ya Mbeya nilikuwa nimeisahau. Mama ana kinyungu bondeni Lukingi, bustani ya kulima kiangazi, ardhi ya juu inapokauka na chini bado kuna unyevu. Pembeni mwake na katikati imesimama mianzi ambayo baba yake Jailos aliipanda zamani kwa ruhusa ya baba yangu. Kwetu mwenye mwanzi ni aliyeupanda, hata kama ardhi si yake. Yeye anagema masika, mwenye ardhi analima kiangazi, na kila msimu unapofunguka mbeta ya kwanza huenda kwa mwenye ardhi. Basi. Hapajawahi kuwa na ugomvi.

Jumatano, 10 Januari
Mvua tangu alfajiri. Nimepalilia mahindi ilipokatika.

Jumatano, 17 Januari
Mawingu, baridi. Mvua ilitusubiri mpaka tukamaliza mkutano.

Nimechaguliwa kwenye kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji. Sheria inataka wanawake, na mwenyekiti wetu Dastan alisema, "Mama Tupo kasoma mpaka kidato cha nne, hati yake inasomeka, aandike muhtasari." Sikukataa. Tangu nirudi naitwa mgeni kwa mzaha, na mzaha ukirudiwa sana unaacha kuwa mzaha.

Ofisa mipango wa halmashauri ni kijana anayeitwa Alinanuswe. Kusikia jina tu nikamsalimia kwa Kinyakyusa, lugha ya marehemu mume wangu, "Ugonile." Alishtuka, akacheka, na tangu hapo ananiita shemeji.

Ametueleza kwa ufupi. Madiwani wamevutana kwenye baraza siku nzima juu ya fedha za barabara. Kwa kata yetu zinatosha barabara moja tu mwaka ujao wa fedha, na wanaoiomba ni sisi na Ihomelo, jirani zetu wa upande wa pili wa kilima. Mwishowe wamekubaliana kwamba kijiji kitakachofikisha mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na wananchi kabla ya baraza la Machi ndicho kitakachopewa. Barabara yetu ingeshuka bonde la Lukingi, ivuke kijito kwa kalavati, na kuungana na ile ya Tosamaganga. Leo tunavuka kwa magogo mawili. Mvua ikizidi, magogo nayo yanaondoka.

"Na Ihomelo wamefika wapi?" Dastan aliuliza.

"Mzee, hilo usiniulize. Wananiuliza hivyo hivyo juu yenu."

Ijumaa, 19 Januari
Jua la kushangaza. Milima yote ilionekana.

Tumechora kijiji kizima chini kwenye uwanja wa shule. Majivu yalikuwa njia, majani yalikuwa msitu, mawe yalikuwa nyumba. Watu wazima walichuchumaa kama watoto. Lusia, mke wa Jailos, aliweka jiwe kubwa kuwa nyumba yake, Dastan akamwambia apunguze, hiyo ni parokia.

Tulipofika bondeni Alinanuswe aliuliza, "Hapa penye mianzi ni kwa nani?"

"Pangu," Jailos akasema. "Mianzi yote hii mpaka kwenye jiwe jeupe."

Sote tuliitikia kwa kichwa, maana ni kweli. Nami nikaandika. Siku ilikuwa nzuri mno. Nimetembea kurudi nyumbani nikiwa na umri wa miaka kumi.

Ijumaa, 2 Februari
Mvua ya mawe kidogo mchana.

Magogo yameondoka. Wanawake waliokuwa wakipeleka maziwa walisimama ng'ambo hii tangu asubuhi mpaka maziwa yakaganda. Lusia aliyamwaga kijitoni. Maji yakawa meupe kwa muda, kisha yakarudi rangi yao.

Jumapili, 11 Februari
Ukungu. Misa, kisha nikafua.

Jumatano, 14 Februari
Baridi. Majivu.

Kwaresima imeangukia katikati ya ulanzi, na wanaume wamekaa uani kwa Dastan wakiwa na nyuso za watu waliopokonywa. Jailos anagema kama kawaida ila hanywi. Zamani, tukiwa wadogo, tulikuwa tunamvizia baba yake aondoke bondeni, tunachovya mrija wa jani la boga kwenye mbeta ya asubuhi, tamu, haijachacha. Jailos alikuwa ananipisha kwanza. Sikumbuki mtu mwingine aliyenipisha kwanza katika jambo lolote kabla ya Lugano.

Jumanne, 20 Februari
Mvua kubwa alfajiri, ikakatika saa nne.

Rasimu ya ramani imebandikwa ofisini. Ni nzuri kweli. Msitu wa kijani, mashamba ya njano, kijito cha bluu, na mstari mwekundu wa barabara unaoshuka Lukingi. Niliufuata kwa kidole. Mstari unapita katikati ya kinyungu cha mama, kutoka kichwani mpaka miguuni. Na ndani ya kinyungu, kwa herufi ndogo: Jailos Kalinga, ametoa kwa hiari.

Nilisoma mara nyingi. Watu walikuwa wanaingia na kutoka, wanatafuta nyumba zao, wanacheka. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kila mtu aliona mianzi ya Jailos mahali penye mianzi ya Jailos.

Nilishuka bondeni nikamkuta juu ya mwanzi, na kisu mkononi.

"Shuka."

"Nimalizie huu."

"Jailos, shuka."

Alishuka. Nikamwambia nilichokiona. Aliniangalia kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya habari.

"Niliulizwa mianzi ya nani, nikasema yangu. Ni uongo?"

"Na saini?"

"Nimesaini mianzi yangu ikatwe. Yote, Fausta. Unadhani ilikuwa rahisi? Lusia kamwaga maziwa siku baada ya siku. Nikasema basi, ikatwe."

"Umetoa ardhi ya mama."

"Nitatoaje ardhi ambayo si yangu? Nilijua yule kijana atakwenda kwa Mama mwenyewe. Asingekwenda vipi? Kila mtu anajua."

"Yeye ni mtu wa Mbeya. Atajuaje?"

"Na wewe uliyekuwa unaandika," alisema taratibu, "ni mtu wa wapi?"

Nilimpa kisogo. Nilipanda kilima nikimwondolea kila sifa niliyompa katika daftari hili. Nilisema moyoni kwamba alijua fika, kwamba masika yote haya ya mbeta yalikuwa kiini macho tu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaza, sijui kama ni haki.

Mama sijamwambia.

Alhamisi, 22 Februari
Manyunyu kutwa.

Nimempata Alinanuswe ofisini. Alisikiliza yote kuhusu mianzi, akavua miwani, akaketi.

"Shemeji, kwetu mgomba ni wa mwenye shamba. Sikuwaza."

"Rekebisha jina."

"Naweza. Lakini nikibadili mmiliki wa ardhi inayochukuliwa, rasimu mpya itachorwa mjini wiki nzima, na kanuni inataka ibandikwe wiki mbili kabla wananchi hawajapiga kura. Mkutano wenu ni tarehe tisa, baraza tarehe kumi na nne. Mtachelewa. Ihomelo wako tayari." Akavaa tena miwani. "Haki yako ipo. Nakuonyesha bei yake tu."

Jioni Dastan alipita nyumbani, akakaa sana, akasifu ng'ombe wa jirani. Alipoondoka alisema mlangoni, "Jina tutalirekebisha baadaye, Mama Tupo. Barabara ikishapita, nani atagombea jina?"

Jumapili, 25 Februari
Ukungu, kisha jua.

Nimeongea na binti yangu Tupokigwe kwa simu. Yuko Uyole, Mbeya. Anasema, "Mama, walipopanua barabara hapa walitukata uzio, hukulia. Kwa nini unalilia tope?"

Nilitaka kumweleza nikashindwa, naandika hapa. Ni Septemba. Milima yote imekauka, imekuwa rangi ya ngozi ya ng'ombe, na chini kabisa Lukingi pana kijani. Asubuhi nyasi zina barafu, nyayo zinauma, unakimbilia kwenye tuta lililochimbuliwa maana udongo wa ndani una joto. Mama yuko mbele, ameinama, anaimba. Anafungua mfereji kwa jembe, maji yanakuja polepole kati ya matuta kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Mchana tunachoma mahindi mabichi, wakati wenzetu wa juu wanasubiri mvua ya Desemba. Nimekula vyakula vingi mezani kwa watu, Mbeya na kwingine. Sijala tena mahindi yale.

Nitaandika pingamizi. Barabara izunguke juu ya kilima, hata kama ni mbali na ni mwamba.

Jumapili, 3 Machi
Mvua jioni.

Nilikuwa naandika pingamizi mezani, mama akaniuliza naandika nini. Mama hajui kuandika zaidi ya jina lake, ila anajua mtu anapoandika kwa hasira. Nikamwambia yote: ramani, Jailos, barabara, barua.

Alisukuma kuni motoni kwa fimbo yake.

"Kesho nipeleke nikaone," alisema.

Jumatatu, 4 Machi
Kumekucha kweupe. Umande mwingi.

Mama hajashuka Lukingi tangu magoti yalipomkataa. Nilimshika mkono, fimbo mkono wa pili, tukashuka tukipumzika kila kwenye kona. Wapita njia walimsalimia kwa mshangao.

Kinyungu kiko chini ya maji sasa, matuta hayaonekani, ni matete tu na vyura. Mama alisimama ukingoni. Nilitegemea machozi, nikawa nimetangulia kulia mimi. Nikamwambia habari za Septemba, barafu, mfereji, nyimbo zake.

"Wewe ulikuwa unacheza," alisema. "Mimi nilikuwa nalima."

"Ulikuwa unaimba, mama."

"Niliimba usisikie ninavyohema." Akaonyesha kilima kwa fimbo. "Kile nimekipanda na kapu kichwani, mimba tumboni, wewe mgongoni. Mimba hiyo ilitoka pale penye mkuyu. Sikumwambia mtu, nilikuwa na njegere za kuwahi gulioni. Barabara ipite, mwanangu. Ingepita nikiwa na umri wako."

Nilikuwa sijui habari ya mkuyu. Nimeishi miaka yote hii sijui.

"Basi nitaichana barua," nilisema.

"Ichane. Lakini barabara isipite kwa jina la Jailos." Sauti yake ilibadilika. "Mimi niko hai na wameandika sipo. Nimekaa hapa na mgongo wangu tangu baba yako anioe, halafu mtu mwenye kisu cha kugemea ndiye ametoa kwa hiari? Mimi ndiye nitatoa. Kwa mdomo wangu, mbele yao."

Nilimweleza habari ya wiki mbili, baraza na Ihomelo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema tupande, jua linakuja.

Kwa hiyo nimegeuzwa. Jana mimi ndiye niliyetaka kuizuia barabara na mama ndiye niliyekuwa namtetea. Leo naitaka barabara kwa ajili ya magoti yake, na yeye ndiye anaweza kuizuia.

Alhamisi, 7 Machi
Mvua. Nimemsihi mama akubali jina lirekebishwe baadaye. Ameniuliza kama uji umeiva.

Jumamosi, 9 Machi
Mawingu mazito asubuhi, upepo wa baridi. Haikunyesha mpaka saa tisa.

Mkutano mkuu wa kijiji. Uwanja ulijaa kuliko siku ya kampeni. Mama aliletwa kwa bodaboda, mimi nikitembea pembeni nimeshika bega lake. Tulimkalisha mbele kwenye kiti cha mwalimu.

Alinanuswe alisoma mpango wote, akafika Lukingi, akasita. Ni kijana mwaminifu. Alisema wazi kwamba amearifiwa kuna kasoro ya umiliki bondeni, kwamba mkutano unaweza kupitisha rasimu kama ilivyo leo, au kuirudisha ikarekebishwe, na kuirudisha maana yake ni kukosa baraza la Alhamisi. Minong'ono ikaanza.

Dastan alisimama. "Ndugu zangu, jina ni jina. Tupitishe leo, tutarekebisha kesho."

Mama akaomba kusimama. Nilimwinua.

"Dastan, nilikupokea mimi mikononi ulipozaliwa, mkunga alikuwa hajafika. Ningesema nitakukata kitovu kesho?"

Watu walicheka, na Dastan mwenyewe akainama.

"Siikatai barabara," mama aliendelea. "Naitaka kuliko ninyi, ninyi mna magoti. Kinyungu nakitoa. Nakitoa mimi, Yusta. Kikitolewa na mtu mwingine nikiwa nimekaa hapa, basi mmenizika."

Akakaa. Lusia alisimama nyuma, kitoto cha mwanawe mgongoni. "Bibi, tunakuheshimu. Lakini sisi tunamwaga maziwa. Heshima itavusha maziwa?"

Alikuwa sahihi. Dastan akasema tupige kura kwa mikono. Niliangalia mikono yangu juu ya daftari la muhtasari, sikujua nitainua upi. Naandika ukweli: nafikiri ningeinua kupitisha.

Ndipo Jailos alipopita mbele. Hakuwa ameomba nafasi. Alikwenda meza kuu, akamwambia Alinanuswe, "Futa saini yangu."

"Mzee, ukifuta, ardhi haina aliyeitoa. Ramani inakufa."

"Mianzi bado natoa. Ardhi sina. Niliisaini bila kusoma, nikijua kila mtu anajua. Futa."

"Jailos," mkewe aliita kutoka nyuma, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia.

"Sina, Lusia. Nitatoa nini?"

Rasimu imerudishwa. Watu waliondoka bila kupeana mikono. Mtu mmoja alipita karibu nami akasema, si kwa mzaha, "Mgeni kaja na mambo ya Mbeya." Jailos alitembea peke yake, mkewe mbele sana. Mvua ikaanza tukiwa njiani.

Alhamisi, 14 Machi
Mvua. Baraza limekaa mjini. Diwani amempigia Dastan jioni: Ihomelo.

Jumapili, 17 Machi
Kanisani benchi letu lilibaki na nafasi pande zote mbili.

Alhamisi, 28 Machi
Manyunyu. Alhamisi Kuu.

Rasimu mpya imetimiza wiki mbili ukutani na mkutano umeipitisha leo asubuhi, watu wachache, bila maneno. Mstari mwekundu uko pale pale. Ndani ya kinyungu imeandikwa: Yusta, ametoa kwa hiari, na chini yake: mianzi ya Jailos Kalinga. Alinanuswe anasema sasa tuko wa kwanza kwa mwaka wa fedha unaofuata, kama fungu litakuwepo. Nilimshukuru, "Ndaga fijo." Alionekana amechoka. Alisema kwenye mafunzo yao sasa atauliza swali la mianzi kila anakokwenda.

Nilimchukua mama akaone. Aliweka kidole juu ya jina, akakiacha hapo muda mrefu.

Jumapili, 31 Machi
Jua. Pasaka. Jailos kanywa, kaimba, kalala chini ya mparachichi wetu. Lusia alikuja kumchukua, akanisalimia.

Jumanne, 23 Aprili
Mvua zinapungua. Nimevuna maharage, yameoza robo.

Jumatano, 8 Mei
Baridi kavu ya kwanza. Anga safi.

Maji yameondoka Lukingi. Mama aliuliza asubuhi kama matuta yanaonekana, nikasema yanaonekana kidogo. Akasema kilimwe. Nikamkumbusha kwamba amekitoa, kimechorwa barabara.

"Barabara iko wapi?"

"Bado haipo."

"Basi tutalima barabara."

Jumamosi, 25 Mei
Barafu kwenye nyasi alfajiri. Mchana jua kali, jioni baridi ya kukata masikio.

Siku nzima nimekuwa bondeni. Sijashika jembe kwenye kinyungu tangu niolewe. Udongo wa Lukingi ni mweusi, unanata, kila ukiinua jembe unainua na bonde zima. Hapakuwa na kitu cha kuimba. Kabla ya saa nne mgongo ulikuwa umeshakuwa wa mtu mwingine. Niliangalia juu, kule tunakoishi, nikajiongezea kapu la njegere lisilokuwepo kichwani na mtoto asiyekuwepo mgongoni, nikakaa chini penye mkuyu mpaka moyo ukatulia.

Jailos alikuja kuondoa mianzi iliyoanguka, akabaki kufungua mfereji bila kuombwa. Saa sita Lusia akashuka na jembe lake.

"Sijaja kwako, Mama Tupo," alisema. "Nimekuja kwa bibi."

"Karibu hivyo hivyo."

Alilima tuta zima kabla hajasema tena. Kisha akanyooka, akapangusa jasho. "Ihomelo wamepigiwa vigingi vya barabara. Shemeji yangu wa kule ananitumia picha kila siku, mshenzi yule. Na sisi mwakani. Panda vitu vifupi, mama. Usipande kitu kitakachokutwa na greda."

Nilisema nitapanda njegere na maharage. Akasema sawa. Jailos alikuwa anaangalia maji yanavyoingia.

Jioni nilimpa mama habari zote: matuta yaliyokwisha, mfereji, Lusia, vigingi. Nikamwambia tumekubaliana vitu vifupi, njegere na maharage, kwa sababu ya barabara ya mwakani. Alikuwa anaota moto, miguu karibu na jiko.

"Panda miwa," alisema.

Nilicheka. Muwa unakaa ardhini zaidi ya mwaka. Halafu nikamwangalia, nikaona hakuwa anatania. Nikavuta kigoda, nikamkanda magoti kwa mafuta ya moto mpaka akasinzia.

Kiganja kimepasuka, kalamu inauma. Nalala sasa, saa tatu na robo.